Debian na Ubuntu: nani anaamua toleo litoke lini?

Debian na Ubuntu ni mifumo endeshi ya kompyuta ya familia ya Linux. Ukiuliza toleo lijalo la Debian linatoka lini, jibu ni lile lile la miaka yote: likiwa tayari. Kwanza milango inafungwa, vifurushi vipya vya programu havipokelewi ovyo, kisha watu wanashughulikia hitilafu nzito moja baada ya nyingine. Zisipoisha, toleo linasubiri. Toleo lililoitwa Sarge lilitoka Juni 2005, karibu miaka 3 baada ya lililotangulia, Woody. Siku hizi mwendo umetulia, takriban kila miaka 2: Bookworm Juni 2023, Trixie Agosti 2025.

Ubuntu inaanzia kwenye kalenda: Aprili na Oktoba. Namba ya toleo yenyewe ni tarehe, 24.04 ni Aprili 2024. Kisichokamilika kwa wakati kinangoja toleo linalofuata. Mwaka 2006 walisogeza la Aprili hadi Juni, ndiyo maana likaitwa 6.06. Kwa anayepanga bajeti ya seva, uhakika huo ni msaada mkubwa sana.

Kwenye uongozi ndiko tofauti inakouma. Debian ina katiba tangu 1998: wasanidi humchagua kiongozi kila mwaka, na kura yao inaweza kutengua uamuzi wake. Ubuntu ina baraza la jamii, lakini kampuni ya Canonical ndiyo inayolipa wahandisi wengi na kushika usukani. Mimi niko upande wa Debian, hata nikichelewa kupata kipya. Mradi ambao wenyewe wanapiga kura hauwezi kununuliwa usiku mmoja.