Karatasi au memori kadi? Masomo huria ya lugha kwa shule za visiwani Lamu

Walimu wa Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu hubishana sana: masomo yenye leseni ya Creative Commons (inayoruhusu kunakili na kugawa bure) yafike Faza na Kizingitini yakiwa yamechapishwa, au ndani ya memori kadi?

Kwa gharama, kadi inashinda. Hujazwa na kufutwa tena na tena, na walimu hurushiana faili kwa bluutuuthi bila bando. Karatasi hudai wino na nauli ya boti kwa kila toleo jipya.

Kwa uhakika, nachagua karatasi. Haihitaji chaji, na darasa zima haliwezi kuzunguka simu moja. Lakini unyevu wa bahari huiharibu.

Linalonigusa zaidi ni sauti. Irabu ya neno la Kifaransa "tu" haimo katika Kiswahili. Mtoto lazima aisikie, na hapo karatasi haisaidii. Kiarabu ni tofauti: watoto wengi wa Lamu wameshazoea matamshi yake chuoni, yaani madrasa, hivyo maandishi huwafikisha mbali.

Kurekebisha nako ni rahisi kwenye faili: ondoa mfano wa treni, weka wa jahazi. Ila soma leseni kwanza, kwani yenye herufi ND (NoDerivatives) hairuhusu kusambaza toleo ulilolibadilisha.

Mwalimu wa Kifaransa mwenye sola na spika aanze na kadi. Wa Kiarabu asiye na umeme achapishe. Mwenye sola lakini wanafunzi wengi achukue sauti kwenye kadi, mazoezi kwenye karatasi.