Niliwalipa waitafute ndege, wakaniuliza marehemu ni nani kwangu

Wakati wa Vita vya Pili babu yangu alifanya kazi ya mashua pale Kipevu, Mombasa. Alfajiri akiwavusha wanahewa wa Kiingereza hadi kwenye Catalina, ndege za majini za Kikosi cha 209, na jioni akiwafuata. Kuna ndege moja aliipelekea watu, akawangoja mpaka usiku wa manane, wasirudi. Tarehe hakuishika; alikumbuka tu kwamba kusi lilikuwa limeanza. Hadi uzeeni aliuliza, "Wale vijana walikuwa kina nani?"

Basi nikawalipa watu fulani wa huko Uingereza wanaofukua nyaraka za vita kwa malipo. Kwanza wakaniletea kurasa za Kikosi cha 259, kile ambacho Catalina yake ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska, Agosti 1943. Habari kubwa, lakini sikuiuliza. Nikangoja tena wiki kadhaa. Mara hii ikaja Fomu 541 ya Kikosi cha 209 chenyewe, karatasi inayoorodhesha safari za ndege na watu wake. Nikashuka na kidole kwenye safu ya saa ya kutua: mstari baada ya mstari una saa yake, mmoja mtupu. Moyo ukanipasuka. Nikarudi kushoto kusoma majina, nikakuta safu imekatwa! Aliyepiga picha hakukilaza kitabu sawasawa, zimebaki herufi mbili tatu za mwisho.

Nikawaandikia kwa adabu wapige upya. Jibu: "Wewe si jamaa wa marehemu. Majina hayo yatakusaidia nini?"

Yatanisaidia nini! Babu ndiye aliyewashika mkono wasiteleze wakipanda. Mtu wa mwisho kuwaona kwa karibu ni yeye, halafu mjukuu wake aulizwe hivyo na mtu aliyekwisha kupokea hela yake?

Kilichonichoma zaidi, baadaye nikagundua majalada hayo ya vikosi, yaliyo chini ya namba AIR 27 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kule Kew, London, mtu anaweza kuyapakua mwenyewe. Nikachukua tarehe ya ule mstari, nikaitafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Majina yakatoka yote pamoja. Hawana kaburi, wamekumbukwa kwenye mnara wa Alamein, Misri, pamoja na wanahewa wengine waliopotea upande wetu huu.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba msiwape hata senti. Lakini haki isemwe: tarehe niliipata kwenye ukurasa wao, na bila tarehe ningekuwa natafuta hadi leo. Kwa hiyo, kama huna pa kuanzia, pengine wajaribu... Hapana. Nimelisoma tena lile jibu lao sasa hivi. Msiwape.

Majina nimeyaandika kwa mkono, nikampelekea shangazi, binti wa babu, nikamsomea moja moja. Kwenye la tatu akanishika mkono. "Hilo rudia, sijalisikia vizuri." Nikarudia.