Uzoefu wangu wa kupimiwa maji ardhini kwa umeme, Dodoma

Kabla ya kuchimba kisima katika kiwanja chetu nje kidogo ya mji, niliamua kumwita mpima maji, kwa kuwa jirani yangu aliyefuata fimbo ya panda ya kubashiria maji alichimba hadi mita 90 akaambulia vumbi la mwamba. Dodoma imekaa juu ya graniti, mwamba mgumu ambao ukiwa mzima hauna maji. Maji hukaa pale ulipolainika kwa kuoza au kupasuka.

Walikuja watu watatu na kifaa chenye ukubwa wa sanduku la fundi, betri ya gari, waya mrefu na vyuma vinne. Vyuma viwili vya nje hupitisha umeme ardhini, viwili vya katikati husoma volti, na kadiri vile vya nje vinavyosogezwa mbali ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi. Mpangilio wenyewe unaitwa Schlumberger, kwa jina la Mfaransa Conrad Schlumberger aliyeanza majaribio ya namna hii mwaka 1912. Udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba usomaji ulirukaruka, hadi kijana mmoja alipomwagia kila chuma maji ya chumvi; nilicheka kimoyomoyo kuona tunamwaga maji ili tupate maji.

Kazi ya uwanjani sina la kuilalamikia. Ripoti ndiyo iliyoniudhi. Iliandika kwamba kati ya mita 10 na 40 ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme, umeshuka hadi omu-mita 8 (omu-mita ni kipimo chake), kisha ikahitimisha kwa maneno "uwezekano mkubwa wa maji", bila kutaja kwamba udongo wa mfinyanzi nao hushusha ukinzani, na maji ya chumvi vilevile. Nilipompigia mtaalamu alikiri bila ubishi kwamba namba ndogo kiasi hicho humtia shaka, akarudi kupima sehemu ya pili, karibu na korongo. Huko ukinzani ulikuwa omu-mita 70, dalili ya mwamba uliolainika, hadi kina cha mita 55, ndipo ukapanda kupita 2,000, yaani mwamba mzima.

Tulichimba hapo korongoni. Mtambo ulipofika mita 43 vumbi liligeuka tope, na maji yaliyotoka, ingawa si mengi, yanatosha nyumba na mifugo. Huduma naipa nyota nne kati ya tano. Atakayewaita adai vipimo vya sehemu mbili tangu siku ya kwanza, na aulize ile namba ndogo ina maana gani kabla hajalipia mtambo.