Vifaa vya kuelekeza njia na kumtahadharisha dereva: kipi ununue kwa barabara zetu

Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja na skrini ya ramani katikati ya dashibodi, lakini ramani iliyomo ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na mara nyingi betri ikishachomolewa skrini hiyo hudai kadi au namba ya siri ambayo aliyekuuzia gari hana. Mwenye gari anayesafiri mbali hulazimika kutafuta kifaa cha kubandika kiooni, na hapo ndipo anapokutana na matangazo yanayoahidi onyo la kona, onyo la kutoka kwenye mstari, onyo la kugonga gari la mbele na onyo la uchovu, yote katika boksi moja. Mwongozo huu unapanga chaguo tano kwa kuuliza swali moja tu: ni onyo lipi kati ya hayo litakalotolewa kweli ukiwa kwenye barabara za Afrika Mashariki?

Jibu linategemea onyo linatoka wapi. Maonyo ya kona kali, kivuko cha reli, eneo la shule na kikomo cha mwendo hutoka kwenye ramani. Kifaa chenyewe hakioni chochote, kinasoma tu kilichoandikwa na mchora ramani, na kama hakuna aliyeandika kwamba kijiji kina matuta matano, kitanyamaza mpaka shokapu zikujulishe. Onyo la kutoka kwenye mstari na lile la kugonga gari la mbele hutoka kwenye kamera, kwa hiyo yanahitaji mwanga wa kutosha, na lile la mstari linahitaji pia mistari iliyopakwa rangi inayoonekana. Yapo pia maonyo yanayotoka kwenye saa na setilaiti peke yake, yaani mwendo wako halisi na muda uliokaa kwenye usukani bila kupumzika. Haya hayapambwi sana kwenye matangazo, lakini ndiyo yanayofanya kazi Tunduma kama yanavyofanya kazi Tanga, na ndiyo ninayoyapa uzito katika mpangilio huu.

Nafasi ya kwanza, kwa madereva walio wengi, naipa simu ya zamani iliyotengwa kwa kazi ya ramani tu. Simu huhitaji laini au bando kwa kupiga na kuvinjari, lakini kipokezi chake cha GPS hufanya kazi bila vyote viwili, ilimradi ramani imepakuliwa ukiwa nyumbani. Tofauti pekee ni kwamba bila intaneti inaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua ilipo inapowashwa mara ya kwanza katika eneo jipya. Weka humo OsmAnd au Organic Maps, programu zinazotumia OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo kwa upande wetu ina sifa ya pekee. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora vichochoro, mifereji na nyumba kwa undani ambao ramani za kibiashara hazikuwa nao. OsmAnd inaweza pia kukutahadharisha kuhusu matuta, vivuko vya waenda kwa miguu na kuzidisha mwendo, mahali ambapo wachoraji wameviweka, na wewe mwenyewe ukiona tuta ambalo halimo unaweza kuliongeza.

Sababu ya kusema simu ya zamani, wala si ile unayoitumia kila siku, ni usalama wenyewe. Simu yenye laini huleta simu za wateja, ujumbe wa vikundi na video za harusi juu ya ramani, na jicho la dereva hufuata. Udhaifu mkubwa wa chaguo hili ni joto: simu iliyobandikwa kwenye kioo saa nane mchana huku ikichajiwa hupunguza mwanga wa skrini au hujizima ili kujilinda. Iweke mbele ya tundu la kiyoyozi, si juu ya dashibodi, na ununue kishikio imara hata kama ni ghali kuliko unavyodhani kishikio kinastahili.

Anayeishi barabarani, kama wakala wa mauzo wa mikoani, mwongoza watalii au dereva anayepeleka mpakani magari ya IT, yaani yale yanayopita tu kwenda nchi jirani, atafaidika zaidi na chaguo la pili, yaani kifaa cha ramani cha kampuni ya Garmin cha kundi la DriveSmart, hasa toleo la 66 lenye skrini ya inchi 6 au la 76 lenye inchi 7, yaliyotoka mwaka 2022. Skrini yake imetengenezwa kwa matumizi ya juani, haihitaji mtandao ili ipange njia, inaonyesha mwendo muda wote pembeni mwa ramani, na baada ya saa kadhaa za kuendesha mfululizo hupendekeza mapumziko. Mwendo unaopimwa kwa setilaiti una faida ambayo wengi hawaifikirii: hauathiriwi na ukubwa wa tairi, kwa hiyo aliyebadilisha tairi na kuweka kubwa zaidi, ambaye mshale wake wa mwendo sasa unasoma pungufu, hupata namba ya kweli kabla ya kuingia kwenye kikomo cha 50 ambako askari mwenye tochi ya kupima mwendo anamsubiri.

Hata hivyo usilipe kabla hujaiona ramani. Vifaa vya aina hii huuzwa vikiwa na ramani ya eneo vilikokusudiwa, na kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kitakuwa na Amerika Kaskazini tu. Ramani ya ukanda wetu inaweza kununuliwa kwa Garmin kwa gharama ya ziada, au ukachukua ile ya bure iliyotengenezwa kutokana na OpenStreetMap na kuiweka kwenye memori kadi. Kinachopotea katika njia hiyo ya bure ni maonyo: ramani hizo huonyesha njia vizuri lakini kwa kawaida hazibebi vikomo vya mwendo kwa namna ambayo kifaa kinaweza kuvisoma. Mnunuzi anabaki na saa na setilaiti, ambavyo kwangu vinatosha kuipa nafasi ya pili.

Chaguo la tatu ni la malori, Garmin dēzl, ambayo huuliza urefu, upana, kimo, uzito na aina ya mzigo kabla ya kupanga njia. Wazo ni zuri mno, lakini linategemea kuwepo kwa takwimu za kimo na uzito wa kila daraja, na katika sehemu kubwa ya ukanda wetu takwimu hizo hazimo kwenye ramani. Kwa ndugu zetu wengi wanaoendesha malori Marekani na Canada mpangilio unageuka kabisa, na dēzl inapanda hadi namba moja bila ubishi. Mji wa Durham, North Carolina, una daraja la reli lililokuwa na kimo cha takriban mita 3.56, ambalo lilichana mapaa ya malori kwa miaka mingi, mpaka likainuliwa kidogo mwaka 2019, na hata baada ya hapo limeendelea kugongwa. Jambo moja linawahusu madereva wa malori wa huku kwetu: malori mengi yana umeme wa volti 24, na chaja iliyoandikwa volti 12 pekee itaungua, pengine pamoja na kifaa. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja kabla ya kuichomeka.

Nafasi ya nne naipa DriveCam 76 ya Garmin, yenye ramani na kamera kwa pamoja, na najua wapo watakaoshangaa, kwa kuwa kwenye karatasi ndiyo yenye ulinzi mwingi kuliko zote. Inarekodi safari, inahifadhi picha inapohisi kishindo, na hilo peke yake lina thamani pale mnapobishana mbele ya trafiki nani alihama njia. Maonyo yake ya kamera ndiyo tatizo. Katika vifaa vya Garmin vya familia hii, onyo la kugonga gari la mbele huanza kufanya kazi mwendo unapozidi takriban kilomita 48 kwa saa, na onyo la mstari unapozidi takriban 64. Sasa fikiria kijijini, ambako kikomo ni 50 na hatari ni mtoto, mbuzi na bodaboda isiyo na taa: kifaa kiko kimya, kwa sababu kimeundwa kupima umbali wa gari lililo mbele. Usiku uwezo wake unashuka. Katika kilomita 50 hivi ambazo barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hakuna kamera ya bei hii itakayomtambua nyati kabla yako. Kwa fedha hizo, DriveSmart na kamera ya dashibodi ya kawaida inayojitegemea vitakuhudumia vizuri zaidi, na kimoja kikiharibika kingine kinabaki.

Cha mwisho ni vile vifaa vya inchi 7 visivyo na jina, vinavyouzwa mtandaoni kwa ahadi ya ramani zitakazosasishwa maisha yote. Vingi hutumia mfumo wa zamani wa Windows CE na ramani zisizo na leseni, ambazo hakuna anayeweza kuzisasisha. Ukishawishika na bei, washa dukani, tafuta mtaa unaoufahamu uliojengwa miaka ya karibuni, kisha angalia tarehe. Hesabu ya wiki ambayo vifaa vya GPS hutumia kujua tarehe ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na kifaa cha zamani ambacho hakikuandaliwa huonyesha mwaka usio sahihi na wakati mwingine hushindwa kupata setilaiti. Jaribio hilohilo lifanyike kwa Garmin au TomTom ya mtumba kutoka Ulaya.

Popote utakapokibandika, kiwe chini upande wa kulia, nje ya njia ya mfuko wa hewa na kisizibe macho kuelekea kwenye kivuko, na ukiegesha kiondoe pamoja na kishikio chake, kisha futa lile duara linalobaki kwenye kioo, maana kibaka akiliona atavunja kioo akiamini kifaa kimefichwa kwenye droo.