GIMP katika Duka la Steshenari: Skrini ya Ukaribisho Inayoeleza Kinachoendelea

Kwa anayetengeneza kadi za harusi na za michango katika duka la steshenari pale Kariakoo, programu ya picha huanza kupimwa kabla haijafunguka. Mteja huketi pembeni ya mtengenezaji, macho yote kwenye kioo, na kompyuta yenyewe mara nyingi ni ya mtumba, yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Tathmini hii inahusu sehemu ndogo ya GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo wengi huiona kila siku bila kuitazama: skrini ya ukaribisho, yaani ile picha inayotokea wakati programu inajipakia.

Ninaipa alama za juu kwa sababu inasema inachofanya. Pamoja na picha kuna mstari unaojaa na maandishi yanayotaja hatua iliyofikiwa, kama vile kutafuta faili za data, kupakia brashi au kukagua programu-jalizi, yaani programu ndogo za ziada zinazoiongezea GIMP uwezo. Mara ya kwanza baada ya kusakinishwa, GIMP huiuliza kila programu-jalizi ina uwezo gani, na majina ya faili hupita moja baada ya jingine; majibu huhifadhiwa katika faili iitwayo pluginrc, ndiyo maana baadaye kufunguka huchukua muda mfupi zaidi, kwani huulizwa zile mpya au zilizobadilishwa tu. Anayesoma maandishi hayo hana sababu ya kudhani kwamba mashine imeganda, wala ya kubofya ikoni tena na tena.

Hatua ya fonti ndiyo inayotugusa zaidi. Watengenezaji wa kadi hukusanya fonti za kila namna, hasa zinazofanana na mwandiko wa mkono, hadi folda inafurika, na katika matoleo ya zamani programu ilikuwa haifunguki mpaka zote zisomwe. Toleo la 2.10.4, lililotoka Julai 2018, liliitenganisha kazi hiyo na ufunguaji: dirisha kuu linatokea, na fonti zinaendelea kupakiwa huku mtengenezaji akiwa tayari anapunguza picha ya maharusi. Hayo ndiyo maboresho ninayoyathamini kuliko uzuri wa picha yoyote, kwa sababu skrini ya ukaribisho haifupishi kusubiri, na iliyo bora ni ile inayoondoka mapema.

Tofauti niliiona katika programu moja ya hesabu za duka. Skrini yake ilikuwa na nembo ya kupendeza lakini haikuwa na neno hata moja la maelezo, na ilikaa mbele ya madirisha yote. Leseni ilipoisha muda, kisanduku cha kuomba namba mpya kilifunguka nyuma yake, kikafichika, na kila mtu akaamini kwamba kompyuta ndiyo mbovu. Mtengenezaji wa programu hapaswi kabisa kuruhusu picha ya kusubiria ifunike swali linalohitaji jibu la mtumiaji.

GIMP nayo ina upungufu. Mstari wake hauonyeshi muda uliobaki, na huweza kusimama kisha ukaruka ghafla. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, ameeleza kwamba sekunde 10 ndizo kikomo cha umakini wa mtumiaji, na kwamba kazi inayozidi hapo inahitaji kumwonyesha itakwisha lini. Umeme unapokatika na kurudi, diski ya zamani hulazimika kusoma kila kitu upya, na kikomo hicho hupitwa kwa urahisi.

Mwenye diski ya SSD, yaani ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi, anaweza kuiondoa skrini hiyo kwa kuongeza --no-splash kwenye amri ya kufungulia programu. Kwa mashine za kawaida za dukani ninashauri iachwe, na folda ya fonti ipunguzwe.