Kukodi gari na dereva, Lubumbashi hadi Lusaka: nyota tatu kwa wakala, dereva apewe zote tano

Niliwakodi hawa kumpeleka mama Lusaka, kwa dada yangu aliyejifungua. Basi lingekuwa bei nafuu, lakini magoti yanamsumbua mama, na kukaa mpakani Kasumbalesa ndani ya basi huku foleni ya malori ya shaba haisogei ni adhabu. Wakala aliahidi gari zima, makaratasi yote ya mpakani, na msaada njiani saa 24.

Makaratasi, nawasifu. Dereva alikuwa na bahasha moja tu, kila kitu kimo, hata ushuru wa barabara wa Zambia hesabu yake ilikuwa tayari. Afisa wa afya alipoomba kadi ya njano, yaani ya chanjo, mama akamkabidhi kadi ya njano ya COMESA, ile ya bima ya gari. Walicheka wote wawili, tukapita. Kuhusu hiyo ya bima, wengi wetu tunadhani inalipa kila kitu. Inalipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine katika nchi ya jirani, na matibabu ya dharura ya waliomo ndani ya gari. Gari likikufia njiani, kuvutwa na fundi ni juu ya mfuko wako.

Dereva ni mtu mzima, tulimwita Papa shofa. Zambia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na gari letu la Kongo usukani wake uko kushoto vilevile, kwa hiyo kulipita lori ni kama kuchungulia ukutani. Madereva wengine humgeuza abiria wa mbele kuwa macho yao: "Tazama, kuna kitu?" Huyu hapana. Alikaa nyuma ya lori hadi aone mwenyewe.

Sasa gari. Barabara ya Ndola hadi Lusaka inapanuliwa, kilomita 327 hizo, na michepuko ya vumbi inatingisha mpaka meno. Tulikuwa tumeshapita lango la ushuru la Kafulafuta, tukielekea Kapiri Mposhi, mvuke ukaanza kutoka mbele. Duriti, ule mpira unaopitisha maji ya radieta, ilikuwa imepasuka. Papa shofa aliigusa, ikameguka kidoleni. Mpira wa namna hiyo hauzeeki safari moja. Walioliandaa gari hawakufungua hata boneti kutazama.

Nikapiga namba ya msaada. Walipokea haraka, hilo nakubali. Wakasema nitume picha. Nikatuma. Wakasema gari la pili litatoka Lubumbashi, yaani livuke Kasumbalesa upya, na sisi tusubiri porini na mama mzee. Baada ya hapo hawakupokea tena.

Aliyepokea ni mama mmoja muuza makaa. Alikuwa kando ya barabara na magunia yake, akaona mama yangu amesimama juani, akamletea kigoda. Kibemba kidogo tunacho sisi watu wa Lubumbashi, na mama kwao ni upande wa Sakania, kwa hiyo baada ya dakika chache walikuwa wanaulizana ukoo kana kwamba sisi wengine hatupo. Wanawe walibeba maji ndoo kwa ndoo kutoka nyumbani. Nilipotoa pesa alinisukuma mkono.

Kisha likasimama lori lenye namba za Tanzania, linaelekea Kongo. Dereva, kijana wa Mbeya, alishuka na kusema, "Shikamoo, mama." Kwetu shikamoo hatuna, mama alimtazama kidogo, akajibu, "Yambo, mwanangu." Kijana akacheka, akaingia chini ya gari na nguo zake safi. Alikata kipande cha mpira alichokuwa nacho, akakivisha juu ya palipopasuka, akakaza kwa waya pande zote mbili. "Kaka, nenda polepole, hii itakufikisha Kapiri. Zaidi ya hapo usiiamini." Alikataa hata soda. Alichotaka kujua ni foleni ya Kasumbalesa ilikuwaje asubuhi, na habari tulizompa hazikumfurahisha.

Ilitufikisha Kapiri, giza limeingia. Fundi alikuwa amefunga. Alifungua tena, akatuma mtoto kwa pikipiki kutafuta duriti inayolingana, na mke wake akamwingiza mama ndani akampa nshima, ugali wa Zambia, na mboga za majani. Mama alisema bukari, ugali wa kwetu, ni laini zaidi, lakini sahani ilirudi tupu. Fundi alichukua pesa ya mpira na kazi, kwa kwacha, bila kupandisha bei kwa kuona namba za Kongo. Tulilala kwao, Lusaka tuliiona kesho yake.

Ukitaka kuwakodi, waambie wafungue boneti mbele yako kabla hujalipa, na nunua laini ya Zambia mpakani, maana mimi bila simu ya Papa shofa nisingempata hata dada.

Pesa ya duriti wamenirudishia bila ugomvi. Ila nimesikia wanataka kumkata Papa shofa malipo ya siku tuliyochelewa. Nimewaandikia kwamba gari ni lao na mpira ni wao. Nyota ya nne nitawapa wakinionyesha kwamba hawakumkata.