Kununua mashine ya CPAP Mombasa: anza na maski, mashine baadaye

Ukishapewa majibu kwamba pumzi inakukatika usingizini, daktari anakuandikia CPAP, mashine inayopuliza hewa kupitia maski ili koo lisijifunge, na kuzunguka madukani kunaanza siku hiyohiyo. Mimi nilianza vibaya. Nilisaka mashine nzuri kuliko zote, nikasahau habari ya maski, nikachukua ile iliyobaki dukani. Ilikuwa kubwa. Upepo ulinipuliza machoni usiku kucha, na kifaa cha pesa nyingi kikakaa juu ya kabati miezi miwili, kimefunikwa leso. Mke wangu akarudi kwenye kazi yake ya kuhesabu sekunde ninazokaa bila kupumua.

Kwa hiyo hapa nimepanga vitu kwa kipimo kimoja tu: kipi kitabaki usoni hadi alfajiri, kwa joto letu hili na stima yetu hii.

Toka nyumbani na karatasi mbili, ripoti ya kipimo na maagizo ya daktari. Kwenye ripoti tafuta AHI, yaani mara ngapi kwa saa pumzi inakata au inapungua. Kuanzia 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni wastani, 30 kwenda juu ni kali. Maagizo yataje aina ya mashine na presha, inayopimwa kwa sentimita za maji. Za nyumbani nyingi huenda kutoka 4 hadi 20. Muuzaji akikwambia "hii yafaa kila mtu" bila kutazama karatasi hizo, muage.

Maski

Kwa mtu wa Pwani naipa nafasi ya kwanza ile ya vijipira viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Haifuniki uso, jasho halikusanyiki, na mwenye ndevu hapati taabu kwa sababu hakuna ukingo unaotakiwa kubana kidevuni. Kasoro yake ni kuwa presha ikiwa ya juu, wengine huumwa na matundu ya pua.

Ya pili ni ya kufunika pua yote. Imetulia zaidi presha ikipanda, na wanaolala kiubavu huizoea haraka.

Ya tatu hufunika pua na mdomo. Watu huikimbilia kwa kuwa inaonekana ya hospitali hasa, lakini ndiyo inayotoa jasho zaidi na ndiyo inayovuja zaidi kwenye ndevu. Inunue kama kweli unapumua kwa mdomo ukilala. Kama shida ni mafua yasiyoisha, tibu pua kwanza.

Usinunue maski uliyoijaribu umesimama kaunta. Omba ulale, iunganishwe na mashine kwa presha yako, ugeuke kulia na kushoto. Kisha uandikiwe kwenye risiti kwamba utabadilishiwa saizi isipokukaa. Duka linalokubali hilo ni bora kuliko linalokupunguzia bei. Na mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani akague vishikizo vya mikanda, maana baadhi vina sumaku. Achague visivyo nayo.

Utasikia upepo ukitoka kwenye vitundu vidogo vya maski. Hiyo si hitilafu. Ndiko hewa uliyoitoa inakopitia, kwa hiyo usivizibe kwa selotepu kama alivyofanya jirani yangu mmoja, fundi wa kila kitu.

Mashine, kwa daraja zake

Kwanza, mashine mpya inayojirekebisha yenyewe. Inasikiliza pumzi zako na kupandisha au kushusha presha ndani ya mipaka aliyoweka daktari. Ukilala chali, ukipata mafua, ukinenepa au ukikonda, inafuata. Pia inaweza kufungwa ibaki kwenye presha moja, kwa hiyo daktari akibadili mawazo hununui nyingine. AirSense 10 AutoSet na AirSense 11 AutoSet za ResMed ziko kundi hili, na za kampuni nyingine zipo. Linalonihusu zaidi ni kadi ya kumbukumbu: bila takwimu za usiku, daktari atakuwa anabahatisha. Soma pia kibandiko cha adapta. Kikisema 100–240V, stima yetu ya 240V haina neno hata kama mashine imetoka Marekani. Utahitaji plagi tu.

Kelele isikutishe. Za kisasa hutoa kama desibeli 27, na feni ya dari inaimeza. Tumetoka mbali: daktari Colin Sullivan wa Sydney, aliyechapisha kazi yake kuhusu tiba hii mwaka 1981, alianza na mota ya mashine ya kufyonza vumbi.

Ya pili ni mashine mpya ya presha moja. Ni nafuu, na ni nzuri kabisa kama ulilala maabara wakakupimia presha yako usiku mzima.

Ya tatu ni mtumba. Sina chuki na mtumba, lakini mwambie muuzaji aiwashe akuonyeshe saa ilizotumika. Ukiona maelfu mengi, kumbuka mashine hizi huhesabiwa maisha ya kama miaka 5. Inuse: ikinuka sigara au kuvu, iache. Maski, mpira wa kupitisha hewa na filta za mtumba usichukue hata za bure. Na kuna jambo moja zito. Juni 2021 Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Mashine haifi haraka, na kwa mtumba huzunguka dunia. Nakili namba ya mashine, uikague kama imo kwenye zilizoondolewa, kabla ya kulipa.

Ya nne ni ile ndogo ya safari. Tamu kwa anayepanda treni ya SGR kila wiki, lakini kama mashine yako ya pekee, si chaguo langu.

BiPAP siiwekei nafasi. Ina presha mbili, ya kuvuta na ya kutoa pumzi, na huandikwa na daktari kwa sababu maalumu. Ukiandikiwa, nunua hiyo.

Mashine ya oksijeni aliyoibakisha shemeji tangu wakati wa Korona haifanyi kazi hii. Tatizo lako ni koo kujifunga, na oksijeni haifungui koo. Vile vibanio vya pua vya mtandaoni visivyo na mpira wala stima ndiyo kabisa.

Maji na stima

Tangi la mvuke, lile la maji linalotia hewa unyevu, halina ulazima wa kuwashwa kila usiku hapa kwetu. Hewa ya Mombasa tayari ina unyevu. Anayelala na feni mara nyingi hutosheka bila moto. Mwenye kiyoyozi ndiye atakayelihitaji, na yeye ndiye atakayeamshwa na maji yakigugumia kwenye mpira uliopoa. Apunguze mvuke, au anunue mpira wenye joto.

Maji ya kisima chenye chumvi yatalipaka tangi ukoko upesi. Tumia yaliyotoneshwa, ya duka la dawa. Usitume mtoto "maji ya betri" kituo cha mafuta. Asidi hukaa rafu hiyohiyo.

Stima ikipotea, zima joto la tangi na la mpira kwanza, kwa kuwa ndilo linalokula. Betri ya 12V ya 100Ah ina kama 1,200Wh, na ya asidi usiikamue zaidi ya nusu. Mashine ikila 30W kwa saa 8 ni 240Wh, kwa hiyo usiku unapita. Angalizo: AirSense hutaka 24V, basi nunua kigeuzi chake au inveta, usiunganishe moja kwa moja.

Wiki ya kwanza vaa maski jioni ukitazama taarifa ya habari, nusu saa hivi, kabla ya kujaribu kulala nayo. Mpira upitishe upande wa kichwani chini ya chandarua. Ukiamka kula daku, ivae tena ukirudi kulala, na hata usingizi wa mchana. Baada ya siku 14, mpelekee daktari ile kadi. Risiti ya maski iwe mfukoni, duka likiwa njiani.